Fundi Aliyebana Suruali Zake

2 Machi

Mwanangu mpendwa,

Hujambo huko uliko? Kazi inakwendaje? Sisi wazima, ukiniondoa mimi niliyehamishiwa wodi ya mazoezi. Nimonia imekwisha, ila kulala muda wote ule kumenisinyaza misuli na kusimama siwezi. Kuna binti anayetufanyisha mazoezi, namwita Mwalimu wa Miguu: sauti tamu, roho ya askari. Ananiambia niinue mguu. Nauamuru, nao unanitazama tu.

Usidhani nakaa bure. Mama yako kaniletea suruali zangu zote, nazibana kwa sindano ya mkono zinikae nilivyo sasa. Fundi cherehani hawezi kuonekana anapwaya.

Baba yako

9 Machi

Shikamoo Baba,

Mimi sijambo, kazi tele. Nimecheka habari za mguu, ila za suruali zimeniuma. Anayetarajia kupona hazibani zote, Baba. Umekata tamaa? Niambie kweli. Cherehani tutaifungia mota, usihangaike kukanyaga tena.

Binti yako

20 Machi

Binti yangu mpendwa,

Salamu kwako na wenzako kazini. Barua yako niliikasirikia hadi jioni, kisha nikakubali. Ndiyo, nilikata tamaa. Naogopa kukaa mbele ya cherehani nishindwe kuiendesha. Mota wape wengine. Mimi mkono wangu unafuata mguu, bila kukanyaga sijui kushona.

Nilimweleza Mwalimu. Akaagiza meza ya cherehani iletwe wodini, bila kichwa chake chenye sindano. Sasa kila asubuhi nakanyaga na sishoni kitu. Mgonjwa wa kitanda cha pili ameshaagiza suti, na analalamika nimemchelewesha.

Baba yako

18 Aprili

Mwanangu,

U mzima? Mimi leo nimeaibika, nina furaha. Nilisimama katikati ya vyuma vya kushikilia, Mwalimu akaniamuru nikunje magoti kidogo. Nikasikia prrr! Mshono umefumuka nyuma wote. Mwalimu akapiga makofi: "Fundi, mapaja yamejaa!" Nikamwambia, "Mama, furahia ukiwa umegeukia dirishani."

Tatizo ni kwamba nilipozibana nilikata na kitambaa cha ziada cha ndani. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo, ningemfukuza. Hakuna suruali inayoweza kupanuliwa tena hata moja. Natembea wodini na shuka la hospitali, watu wananiita mganga mkuu.

Baba yako

30 Mei

Shikamoo Baba,

Hali yako? Nimeandika mara mbili, kimya. Najua umesharuhusiwa kurudi nyumbani. Mama nikimpigia anasema "yupo", kisha anacheka, na simu hakupi. Suruali nilizokutumia zimefika? Na cherehani, umeijaribu? Hilo ndilo linaloninyima raha. Kama haikuwezekana, niambie tu, Baba, sitakupenda pungufu. Usiponijibu nakata tiketi.

Binti yako

12 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Wote wazima, na tiketi usikate bado. Nisamehe kwa kimya. Sikutaka kukuandikia kabla sijajua.

Kichwa cha cherehani kilirudishwa mezani nilipofika, nami nikawa nakipita tu. Leo nasema mafuta yamekwisha, kesho sindano butu. Mama yako hakunisukuma, ila alilaza gauni la jirani juu ya meza, likanitazama. Juzi alipoingia jikoni, niliketi, nikaweka miguu, nikakanyaga.

Ikaenda, mwanangu. Pole pole, ikakohoa, ikaenda.

Mama yako aliposikia mlio alikuja mbio, akasimama mlangoni na mwiko mkononi. Sikuthubutu kumtazama. Ningemtazama ningelia, na machozi yangeharibu gauni la watu. Nikakanyaga hadi mwisho wa upindo, miguu inatetemeka, nikakata uzi.

Akafuta macho kwa kanga, akauliza kama kelele hizi ndizo zitakazoendelea humu ndani kila siku.

Nikamwambia ndizo.

Baba yako, fundi