Shamba Namba Saba

Morogoro,
Jumatano, 11 Machi 2026.

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mfungo haukuchoshi, na kwamba baridi ya huko milimani Malindi imeliachia goti lako. Mama naye anaendeleaje na kikohozi? Mimi mwili ni mzima, alhamdulillahi. Moyo ndio hauna raha.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Simu nimeishika mara nyingi, Baba. Naogopa utasema haya, nimesikia, kisha ukate, nami nisijue neno langu umelipokeaje. Ndiyo maana barua hii nimempa Angel, mwenzangu wa ofisini anayepanda Lushoto kesho, aifikishe hapo Malindi.

Ni kuhusu ile makala yangu ya viazi, ile unayowatambia watu msikitini kuwa binti yako kaandika kitabu. Umeniomba nakala mara tatu. Mara zote nilikujibu kwamba imefungwa kwenye jarida la Wazungu, na kuisoma ni mpaka ulipe dola. Hilo lilikuwa kweli. Sasa kituo chetu kimetoa sharti: utafiti uliofanywa kwa kodi za wananchi, wananchi wausome bure. Mkuu wetu alituambia kuwa mkulima ndiye aliyenunua hadubini zetu, haiwezekani tena yeye ndiye afungiwe mlango. Wenzangu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Jumatatu makala inafunguliwa mtandaoni, na muhtasari wa Kiswahili unatumwa ofisi za vijiji. Mwalimu Kassimu wa hapo kijijini kanipigia kwa furaha, akanieleza kuwa wewe mwenyewe umemwomba awasomee wakulima wote siku hiyohiyo, na umeahidi kukaa mbele. Yaa Rabi!

Makala yenyewe inaeleza ulikotoka ule mnyauko unaoteketeza viazi vyetu, mmea unalala mchana kama umemwagiwa maji ya moto. Tulipima mashamba kumi na mawili. Majina hatukuandika, tuliandika namba. Ugonjwa ulienea kwa mbegu, na mbegu zilitoka shamba moja, namba saba, lililo kwenye mteremko juu ya kijito, ambalo mwenyewe huwauzia mbegu kijiji kizima hadi Vuga. Kassimu hatamaliza ukurasa wa kwanza kabla watu hawajageuza shingo.

Namba saba ni letu, Baba.

Unakumbuka siku niliyokuja na mifuko ya sampuli? Ulichimba mwenyewe, ukanichagulia viazi vikubwa visivyo na doa, ukasema nisikuaibishe mbele ya wataalamu. Nilivikata maabara, vyote vikatoa ute, ndiyo dalili ya mnyauko. Hiyo ni miaka miwili sasa. Nilijua na sikukuambia, kwa sababu niliogopa kuuona uso wako. Nikauandika ukweli kwa Kiingereza, mahali nilipoamini hakuna mtu wa kwetu atakayefika. Hata Shangazi Hamida alipopoteza shamba lake lote kule Vuga, ukampa mbegu nyingine za kumpoza, nilikuwepo. Nilikusaidia kufunga gunia. Wewe hukujua, Baba. Mimi nilijua.

Nakuomba sana, zile mbegu zilizo stoo usimpe mtu hata kiazi kimoja. Jumamosi napanda huko, nitafika kabla ya futari. Nigombeze unavyotaka, sitajibu neno. Ila Jumatatu ile nafasi ya mbele niachie mimi. Kabla Kassimu hajafungua karatasi yake nitasimama niwaambie watu nani alijua na nani hakujua.

Msalimie Mama, mwambie aendelee na tangawizi. Shangazi Hamida usimwambie lolote; nitampitia mwenyewe, nimwangalie machoni.

Nakala uliyoniomba mara tatu imo ndani ya bahasha hii. Nimeitafsiri yote kwa mkono wangu, ili uwe mtu wa kwanza Malindi kuisoma.

Ni mimi mwanao,
Mwanaidi