Mguu wa Kushoto

Chumba cha Cherehani,
Nyuma ya duka la vioo.
Jumanne, tarehe 4, mwezi wa nane.

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu sote kabla ya lolote. Hujambo wewe, hajambo wifi, hawajambo watoto? Yule mdogo aliyekuwa anaota meno, siku hizi anawaacha mlale? Mimi mzima, isipokuwa kidole nilichokichoma sindano wiki iliyopita kwa haraka ya kijinga. Mama naye hajambo. Goti linamsumbua asubuhi tu, na ulimi haujawahi kumsumbua hata siku moja, Mungu ampe umri.

Barua yako imefika, pamoja na ile karatasi ya kusaini. Nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimekaa. Unasema chumba cha baba hakina maisha tena, muuza simu anakitaka, na kwa kuwa kimeandikwa kwa majina yetu wawili, nitie saini yangu chini ya yako, tarehe 28 uje mwenyewe kumkabidhi ufunguo. Halafu ukanivika kilemba cha ukoka, eti fundi mwenye mikono kama yangu hakosi kazi popote.

Kaka, mimi ni mdogo wako na heshima yako iko pale pale. Lakini sisaini ng'o.

Usiikunje barua, bado sijamaliza.

Kwanza nikupe haki yako. Ulipokuwa unasema duka linakufa, hukukosea. Baba alikuwa fundi, Mungu amrehemu, lakini hakuna nguo aliyoikataa na hakuna siku aliyoitimiza. Kila mtu aliambiwa njoo kesho. Mtaa mzima ulimwita Mzee Kesho, na sisi shuleni tukaitwa watoto wa Kesho. Siku ya mazishi yake mtu alinishika mkono, akanipa pole, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama koti lake liliwahi kukatwa. Nilitamani ardhi ipasuke. Baadaye nikahesabu: lile kapu kubwa chini ya meza lilikuwa na nguo arobaini na tatu za watu, hakuna hata moja iliyokwisha.

Basi nikakusikiliza. Mwaka jana ulinishauri kwamba duka halifufuliwi nusu nusu, nibadili vyote kwa mpigo. Nikapaka rangi, nikahamisha kila kitu, nikabandika mlangoni tangazo kwamba nguo ni siku moja tu. Watu wakajaa. Baada ya wiki mbili sikujua sketi ya nani iko wapi, nikampa mkunga gauni la muuza maua, na nikajisikia kwa masikio yangu mwenyewe nikimwambia mtu njoo kesho. Njia ya mwongo fupi. Nilikaa sakafuni nikalia, kisha nikalibandua tangazo.

Na usiniletee habari za haba na haba, maana sikuanza kwa hekima, nilianza kwa kuchoka. Wiki hiyo nilifanya jambo moja tu, nikasogeza cherehani hatua mbili hadi dirishani. Baba alishona miaka yote akiupa mwanga kisogo, na hakuna aliyewahi kumwambia. Wiki ya pili nikapigilia misumari ukutani, kila nguo na msumari wake na kijikaratasi chenye jina. Ya tatu sikubadili chochote, nilikuwa na mafua.

Ndipo nikaleta ubao wa chaki. Kila siku ina mistari sita, kwa sababu mimi na shangazi tukishona bila kudanganyana tunamaliza nguo sita. Mstari wa sita ukijaa, siku hiyo imefungwa, hata awe nani. Shangazi, ambaye amekata vitambaa humu tangu hatujazaliwa, alininunia siku tatu. Alisema nafukuza riziki kwa ufagio. Nikamwambia aung'oe ubao kama anaweza, misumari nimeipigilia mwenyewe.

Hakuung'oa, alinizunguka. Mpishi wa shule alileta kitambaa cha gauni la kuvaa kwenye harusi ya bintiye, akalitaka Ijumaa, na Ijumaa ilikuwa imejaa. Harusi yenyewe ilikuwa wiki ya pili yake, ila aliogopa tutamchelewesha, anatujua. Shangazi akakipokea kimya kimya, akakificha chini ya mto wa kiti chake, na akampa yule mama ahadi kama za kaka yake. Nilikigundua Alhamisi, alipoinuka kwenda kunywa maji. Sikugomba. Nilikikunja kitambaa, nikajipangusa nyuzi nguoni, nikaenda mwenyewe mpaka jikoni shuleni.

"Mama," nilimwambia, "gauni lako halitakwisha kesho. Nikikuambia litakwisha, nitakuwa nakudanganya."

Alinitazama, mwiko mkononi. Nilijua unakuja kichwani.

"Miaka ishirini nashonesha nguo," akasema, "na hakuna fundi aliyewahi kuniambia hivyo. Niandike Jumatano."

Jumatano saa nne asubuhi alilivaa mbele ya kioo, akageuka huku na huku, hataki kulivua. Shangazi ndiye aliyemfunga vifungo. Tangu siku hiyo chaki anaishika yeye, na mtu akibembeleza mstari wa saba anamwonyesha ubao kwa mkasi, hana hata habari naye. Wiki hii imejaa, na ijayo imebaki mistari minne. Sasa uniambie hilo duka lililokufa ni lipi.

Lile kapu la baba nalo sikulitupa. Kila asubuhi kabla ya kufungua namaliza nguo moja ya zamani, na jioni narudi nyumbani nikipitia kwa mwenyewe nimkabidhi. Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu. Kinyozi alilia, maana lile shati lilikuwa la mdogo wake aliyekwisha kufariki. Yule mwenye koti amenenepa, limemkaa mwanawe. Wiki iliyopita nikafika chini kabisa.

Chini kulikuwa na suruali yako ya kijivu.

Unaikumbuka, usijifanye. Ulimpa baba aipunguze miguu ili usafiri nayo. Alfajiri ya safari haikuwa tayari, naye mbele ya mizigo yako akakuambia kesho. Uliondoka na ile ya zamani iliyochanika goti, na tangu hapo, miaka kumi na moja, hujakanyaga chumba hiki. Hata ulipokuja kumzika ulisimama nje, mimi nikakuletea kiti hukukikalia. Kwa hiyo usiniandikie mambo ya muuza simu. Sema unataka kuufunga mlango uliokuumiza. Hilo nitalielewa. Bado sisaini, lakini nitalielewa.

Sasa sikia usilolijua. Mguu wa kulia baba alikuwa ameshaupinda, kwa mkono, kwa mshono ule wake mdogo usioonekana kwa nje. Wa kushoto alikuwa ameuanza. Sindano ilikuwa bado imo kitambaani, imeshika kutu. Alikuwa anakushonea, kaka. Alichelewa kama alivyomchelewesha kila mtu, na nadhani baada ya pale aliona aibu hata kuigusa. Nilikaa nayo mapajani asubuhi nzima, shangazi akanipunguzia mstari mmoja ubaoni bila kuniuliza kitu.

Karatasi yako ya kusaini ilikuwa ngumu na nzuri, nikaikata umbo la kola. Naliweka juu ya kitambaa nikikata mashati, na jina lako bado linasomeka pembeni.

Tarehe 28 njoo, kama ulivyosema. Muuza simu mwambie atafute kwingine. Nguo za watu nimezipeleka kwao mlango kwa mlango, yako siitumi. Iko kwenye msumari wa karibu na dirisha, na mstari wa kwanza wa siku hiyo nimekuandika wewe. Utaivaa hapa, mbele ya kioo, na kioo kiko ndani. Kiuno nimekitanua inchi mbili, maana picha unazotuma hazisemi uongo.

Ukiikagua utaona miguu haifanani. Mshono wa baba ni mzuri kuliko wangu, hilo sibishi. Lakini wangu umekwisha.

Nisalimie wifi na watoto, yule wa meno umbusu mashavu yote mawili. Shangazi anakusalimu, ingawa kwanza alitaka nikuandikie maneno mengine. Mama anasema ukija usilete zawadi, lete uso wako. Mungu akufungulie njia, akufikishe salama, na akulainishe moyo kabla hujagusa kizingiti.

Mimi dada yako akupendaye,
mwenye ufunguo.