Nilisema Unakaa Kitini

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Naandika mchana huu ofisini, wenzangu wamekwenda kula. Najua barua hii utasomewa na nesi wa wodi huko Nairobi, na Mama Mdogo atakuwa kaketi kando yako, na wagonjwa wa vitanda vya jirani watasikia. Wasikie.

Unaikumbuka siku ile kabla hujapasuliwa nyonga mara ya kwanza, hapa Tanga? Ulilala kitandani, ushungi umeuvuta hadi kwenye nyusi, na daktari wa mifupa, Mzungu mgeni aliyekuja kutoka Nairobi, kasimama miguuni pako. Mimi, karani wa hospitali, ndiye niliyewekwa kutafsiri. Nilivaa tai. Akaniuliza kwa Kiingereza: mama yako nyumbani hukaa kitini au hukaa chini? Huchuchumaa?

Mama, jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Nilikuona uani kwetu Chumbageni, umekaa juu ya mbuzi ya kukunia nazi, magoti yamekaribia kifua, unakuna huku unaniambia nisome kwa sauti nawe upate kusikia. Nilikuona kwenye sijda. Choo chetu nakijua. Lakini manesi walikuwa wanasikiliza, na mimi ndiye kijana niliyesoma. Nikaona haya. Nikasema, "Hukaa kitini, bwana. Nyumbani kwetu viti vipo." Na kweli vipo viwili, vya wageni, wewe hujavikalia hata siku moja.

"Kasema nini?" uliniuliza.

"Kasema utapona."

Daktari akaandika. Akakutilia kichwa cha plastiki mahali pa kichwa cha fupa la paja lililoharibika, akakielekeza kwa namna inayomfaa mtu wa kitini. Siku ya kuruhusiwa akaniambia nikwambie uendelee kukaa kama ulivyozoea. Nikakwambia hivyo hivyo, neno kwa neno. Ulifurahi! "Huyu Mzungu ana akili," ukasema. "Mwingine angenikataza mbuzi yangu."

Nikakushika mkono tukaenda zetu. Miezi ile yote, nikirudi kutoka kazini nikakukuta umeikalia, nilipita mbio nikaingia ndani. Jioni moja nilikubebea kiti hadi uani. Ukanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. "Karani! Nikae juu huko, nazi nikune kwa vidole vya miguu?" Mama Mdogo alicheka hadi akashika ukuta. Nami nikacheka. Laiti nisingecheka.

Kisha ikaja Ijumaa ile. Ulikuwa unainuka kwenye mbuzi ukaniita mara moja tu. Nilikukuta umelala ubavu, mguu umepinda kwa ndani na umefupika. Picha ya eksirei ikaonyesha kichwa kile kimetoka tunduni mwake, na shingo yake imekatika.

Daktari aliporudi Tanga akauliza imekuwaje. Kabla sijafungua kinywa ukanitazama. Sijui ulisoma nini usoni pangu, maana Kiingereza hukijui. Ukasema, "Nilianguka. Niliteleza uani, maji ya sabuni." Nikatafsiri hivyo hivyo. Ulijuaje, Mama, kwamba nina jambo la kufichiwa?

Yeye akaamini. Akanieleza kwamba njia ni tatu. Aondoe kilichovunjika asitie kingine, uishi na mguu mfupi na magongo. Au atie plastiki tena, nayo hana imani nayo. Au atie cha chuma, ambacho lazima kipimwe kilingane na tundu la nyonga, kwa sababu tundu lenyewe limekwisha kukwaruzwa. Akachagua chuma, akasema kazi hiyo ataifanyia kwake Nairobi. Halafu akaweka ngumi ndani ya kiganja cha mkono wa pili, akaizungusha polepole. Akikigeuza kichwa mbele kidogo, mtu ataweza kuinama na kukaa chini kwa kiasi. Akikigeuza mno, kitachomoka kwa mbele siku mtu atakaponyoosha mguu na kuupindua nje. "Kwa mama yako nitakiweka kama mwanzo," akasema, akatabasamu. "Kosa lilikuwa la sabuni." Kisha tabasamu likaisha. "Lakini mfupa huu hautavumilia mara ya tatu."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Badala yake nilikusindikiza stesheni, nikasaidia kuingiza machela kwenye behewa, nikamwambia Mama Mdogo akuwekee mto. Treni ikaondoka sijakwambia.

Utapasuliwa Jumatano. Asubuhi ya leo nimempelekea daktari simu ya maandishi, nimemwomba asubiri barua yangu kabla ya kushika kisu. Barua yenyewe inakuja kwa posta hii hii. Nimeandika yote: mkeka, mbuzi, choo, sijda, na kwamba niliyesema uongo ni mimi, si wewe. Nimetia jina na cheo. Mkubwa wangu lazima atapata habari, na huenda kiti hiki ninachokalia kikapewa mtu mwingine. Naogopa, Mama.

Lakini kuna jambo naliogopa zaidi ya hilo, kwa kuwa nakujua. Daktari atakuja kitandani na mkalimani mwingine, atakuuliza kama kweli ulianguka. Nawe utasema, "Nilianguka, bwana. Mtoto huyo ana hofu tu, ndivyo alivyozaliwa." Ukisema hivyo atakuamini wewe, kwani mguu ni wako. Atakigeuza chuma kule kule kwa zamani, na safari hii hakitatengenezeka tena.

Basi nakuomba, usinisitiri. Sema hukuanguka. Mama Mdogo akae sakafuni mbele yake, akunje magoti, amwonyeshe hasa unavyokaa, hata wodi nzima ikiangua kicheko. Na daktari akisema kuna namna ya kukaa ambayo chuma hakitaiweza, mkubalie, hata ikiwa ni ile uipendayo. Nazi nitakuna mimi.

Na akiuliza ni nani aliyemdanganya, nitaje kwa jina langu kamili, mbele ya watu.

Ni mimi mwanao,
kifungua mimba wako