Shahidi wa Maziko Yako

Songo, Alhamisi jioni

Baba Neema,

Leo hatimaye ofisi ya komini imekubali kwamba ulikufa. Miaka yote hii ulikuwa bado mzima katika daftari lao, na kiwanja chetu hakikuweza kuandikwa kwa jina la watoto.

Karani alitaka shahidi mmoja aliyekuwa kwenye maziko, asiye wa familia. Nikamwambia kwamba wakati ule wa korona ni ofisi yao hiyohiyo iliyokataza majirani kuja. Tulikuzika mimi na Neema tu. Akasema sheria ndiyo hiyo. Nilimhurumia, maana si yeye aliyeitunga.

Ndipo Mama Riziki, jirani aliyekuja kunisindikiza tu, akasimama.

"Minye nilikuwa kule. Nilijificha kwenye migomba mpaka bakamaliza kufukia."

"Kumbe weye mama ulivunja katazo," karani akasema, akicheka.

"Basi munifunge. Lakini andika kwanza."

Akaandika, akapiga muhuri.

Njiani nilimwuliza kwa nini hakuniambia. Alisema mwanzoni aliogopa kulipishwa faini, baadaye akaona aibu kwamba hakujitokeza kunishika mkono. Halafu akaniambia kuwa pale migombani aliimba polepole ule wimbo wa kwaya yenu, sehemu yako ya besi, kwa sauti yake ile nyembamba. Nilicheka hadi machozi.

Sijui mambo ya kiwanja yatachukua muda gani. Lakini jioni hii ugali na ndagala nimemaliza sahani nzima.

Nilidhani ulienda bila wimbo. Huko uliko unikumbuke, na Mama Riziki pia.