Ulizikwa na Nauli Yako

Mama,

Barua zote ulizokuwa ukiniandikisha zilianza kwa kuuliza hali. Hii haiulizi. Hali yako naijua, nilikuwepo walipokushusha chini. Nakuandikia kwa sababu nimefanya jambo ulilonikataza, na najua Baba Mdogo siku akifika huko atakuwa wa kwanza kunishtaki kwako. Bora ulisikie kwangu.

Nimefungua sanduku, Mama. Na hakuna aliyekuwa amekufa.

Nakumbuka ufunguo ulivyoning'inia shingoni mwako, hata shambani, hata ukioga. Tangu sijazaliwa kila nyumba kijijini ilileta debe la mahindi baada ya mavuno, mahindi yakauzwa, chama cha kuzikana kikanunua jora la bafta na mbao za mninga. Jora likakaa kwenye sanduku chini ya kitanda chako, mbao zikakaa juu ya kenchi za paa jikoni, zikipigwa na moshi wetu. Akifa mtu, awe nani, anapata sanda na jeneza, na hakuna anayeuliza alitoa madebe mangapi. Watu walikuamini kwa sababu hukuwahi kukata hata kipande cha kufungia kidonda. Ulikuwa unasema, "Cha marehemu hakiguswi na mzima."

Halafu kikakupata kichomi.

Siku ya tatu mganga wa zahanati aliandika karatasi uende hospitali Mpanda. Hakutuficha, alisema dawa ya kukufaa hana, na huko tutachangia matibabu. Mahindi yalikuwa bado mabichi shambani. Nilikaa jikoni nikaangalia juu, kwenye zile mbao. Uliniona kupitia mlangoni, ukaweka mkono juu ya ufunguo. "Hapana, Skola." Ulisema hivyo tu, na mimi mjinga nikatii.

Siku ya saba ukaondoka. Maji ya kukuosha hayajachemka, Baba Mdogo kama mwenyekiti wa chama alikuwa ameshakuvua ufunguo, fundi ameshashusha mbao. Majembe yalifika kabla ya unga. Kitambaa nilikikata mimi mwenyewe. Kilikuwa kipya, kinanukia duka, kirefu kuliko ulivyohitaji. Nikiwa nimeshika mkasi ndipo nilipoelewa, na tangu siku hiyo sijatulia. Mama, ulizikwa na nauli yako. Nililisema hili kwa mdomo mara moja tu, kanisani, mama mmoja wa kwaya akaniminya mkono ninyamaze. Sasa naliandika.

Unakumbuka nilipoungua uji nikiwa mdogo? Ulinibeba mgongoni hadi hospitali, ukaingia na jina langu tu, ukatoka na dawa na malalamiko ya foleni. Siku zile alikuwa analipa mmoja, serikali, kwa ajili ya wote, kutoka kwenye kodi na tumbaku yetu wote. Dawa zilikuwa zinaisha, sikatai. Lakini foleni ilikuwa moja. Ulinisimulia mwenyewe, kwa kujivuna, kwamba mke wa bwana shamba alikaa nyuma yako kwenye benchi na akasubiri.

Sasa kila mtu anabeba ugonjwa wake kichwani pake. Kaka Deo tulimwona mwenye bahati, kampuni yake ya mjini ilikuwa inamlipia, anaonyesha chiti anatibiwa yeye na mkewe na watoto. Umekufa hujui kwamba amepunguzwa kazi. Chiti kilikoma siku ileile, mtoto bado anakohoa. Kikohozi hakikuambiwa kwamba baba yake amepunguzwa.

Baada ya arobaini yako akaja bwana mmoja kutoka wilayani kutueleza habari ya mfuko wa afya ambao wenzetu huko mbali wameanza kuujaribu. Kaya inalipa mara moja kwa mwaka, inapewa kadi, inatibiwa mwaka mzima. Watu wakapiga makofi. Nikasimama nikauliza, je, asiyetaka? Akasema ni hiari. Nikamwambia basi wazima watakaa nyumbani wangoje waumwe kwanza, kadi zitanunuliwa na wagonjwa peke yao, na mfuko utakuwa mtupu kabla ya maharage kukomaa. Aliandika kitu kwenye daftari lake akaniuliza jina. Baba Mdogo akakohoa kile kikohozi chake cha kuninyamazisha.

Lakini nilikuwa nasema nini cha ajabu? Nilikuwa nasema yale tunayofanya siku zote. Kwetu kuzikana si hiari. Hakuna nyumba inayosema mwaka huu sisi hatufi, tutaleta debe mwakani. Wote tunatoa, kapu ni moja, anayelipa ni mmoja, na mwenye msiba hadaiwi chochote. Tunajua kabisa jinsi ya kufanya. Tunangoja tu mtu afe ndipo tuwe na akili.

Basi kiangazi hiki akaugua Mama Evarista, yule mjane aliyehamia kutoka Mishamo misimu miwili tu kabla hujaondoka. Mganga alimbonyeza tumbo upande wa kulia, akasema ni kidole tumbo, apasuliwe leo, asingoje kesho. Lori la dagaa kutoka Ikola lilikuwa barabarani linazibwa pancha. Ufunguo nilikuwa nao mimi, walinipa kwa heshima yako. Sikumwuliza mtu. Jora nikaliuza dukani, mbao nne akazichukua dereva kama nauli, alikuwa anataka kutengeneza kitanda. Tukampandisha Mama Evarista juu ya magunia ya dagaa na mimi nikapanda naye. Njia nzima nilikuwa nakuogopa wewe, si Baba Mdogo.

Akapasuliwa. Alirudi anatembea, ameshika tumbo, anacheka kwamba wauguzi walimpokea kama mboga.

Kikao kiliitishwa kabla hata hajarudi. Baba Mdogo alisimama mbele ya watu wote: "Akifa mtu kesho utamzika na nini, wewe? Na kwa mtu aliyetoa madebe mawili!" Nikasema, mama yangu alitoa madebe tangu sijazaliwa, nyie mlimpa nini kabla hajafa? Nikasema akifa mtu kesho chukueni kitanda cha mama, kipasueni, mzikeni nacho. Nililia nikisema hivyo, Mama, lakini sikukaa chini. Wakaninyang'anya ufunguo. Sanduku likapelekwa kwa Baba Mdogo.

Mavuno yakafika. Wa kwanza alikuwa Mama Evarista, debe kichwani, mkono mmoja kwenye kovu. Alipita mlango wa Baba Mdogo bila kugeuka, akatua kwangu. "Hili la wazima," akasema, akaondoka. Jioni ile wakaja wawili, kesho yake sita. Wengine walitoa kwangu na kwa Baba Mdogo pia, kwa woga. Mama Mdogo, mke wa mwenyekiti mwenyewe, ambaye mguu wake unavimba tangu Pasaka, aliniletea debe akipitia nyuma ya choo.

Nikalikataa. Nilimwambia alirudishe nyumbani, aje nalo mchana kupitia barabarani, mumewe anaona. Debe la kujificha ni hiari, na kuuachia ugonjwa hiari ya mtu ndiko kulikokuua. Aliniita sina adabu. Ni kweli.

Siku ya tatu akaja, mchana, katikati ya barabara. Nyuma yake Baba Mdogo akisukuma baiskeli, sanduku limefungwa kwenye keria, amenuna kama kafungwa yeye. Hakunisalimia. Akalitua, akaweka ufunguo juu yake. "Akifa mtu shauri yako." Nikamjibu kwamba akiugua mtu ndiyo shauri yangu, akifa ni la wote. Nadhani alitaka kucheka. Alichungulia jikoni zilipokuwa mbao, akaniuliza lori la Ikola linapita siku gani, kwa ajili ya ule mguu.

Jora jipya limo ndani, Mama. Mbao bado. Ufunguo sijauvaa shingoni, nimeutundika kwenye msumari mlangoni, kila anayepita anauona.

Lala salama. Sikuombi msamaha kwa kufungua, nakuomba msamaha kwa ile siku ya tatu ya ugonjwa wako, nilipotii. Na nakuahidi: siku nitakayougua mimi, sanda yangu iuzwe kwanza. Wakishindwa kuniponya, mkeka upo, ule uliousuka wewe. Watanizika nao.

Mwanao asiyesikia,
Skola