Kibomba Tumboni mwa Fundi

4 Februari

Binti yangu mpenzi,

Salamu nyingi. Huku wote hawajambo isipokuwa mimi, ambaye sijambo kiasi. Wewe je? Kile kifua kimepona? Na lile jengo lenu mmefika ghorofa ya ngapi? Najua ungependa kupiga simu, lakini masikio yangu niliyamaliza kwa nyundo na mabomba. Simu kwangu ni mvumo mtupu. Tuandikiane tu.

Hospitali wameniruhusu. Kongosho lilipovimba liliacha nyuma ya tumbo mfuko wa maji machafu na mabonge ya nyama iliyokufa. Daktari akanipitishia mdomoni mpira wenye kamera, akatoboa ukuta wa tumbo kwa ndani, akaweka kibomba kifupi cha chuma ili uchafu umwagikie tumboni. Nilipozinduka nikamwambia, "Daktari, hiyo ni kazi yangu, umenipokonya tonge mdomoni." Akacheka. Ni mtu mzuri, ila viatu vyake vinang'aa mno kwa mtu anayeshughulika na mabomba.

Sasa kuna jambo. Vile vidonge vya kupunguza asidi, nilivyomeza miaka na miaka kwa sababu ya kiungulia, amenikataza. Anasema anataka asidi iwepo. Chuma ndani ya asidi! Shangazi yako anasema nimtii daktari, lakini shangazi yako hajawahi kufungua bomba lililoliwa na maji ya betri. Wewe umeyaona mabomba ya namna hiyo. Nakuuliza kama fundi mwenzangu, nifanye nini?

Baba yako


13 Februari

Baba mpendwa, shikamoo.

Mimi mzima, kifua kimepona. Tuko ghorofa ya tisa, natandaza mabomba ya vyoo. Vijana wawili niliopewa wananiita bosi nikiwepo. Nikigeuka sijui wananiitaje.

Swali lako nimelifikiria siku nzima nikikaza viungio. Chuma chembamba, asidi mchana na usiku, kitaliwa tu. Kikitoboka, uchafu utamwagika pasipotakiwa. Ningekuwa wewe ningeendelea kumeza vidonge. Daktari anajua nyama, chuma tunakijua sisi. Usibishane naye bure, meza kimya kimya.

Msalimie shangazi, mwambie asikupikie uji mzito kama saruji.

Mwanao


1 Machi

Binti yangu,

Nashukuru kwa barua, na nimefurahi kuwa kifua kimetulia. Nimefuata ushauri wako. Kiungulia kimekwisha na kibomba kiko salama. Vidonge naviweka chini ya mto, maana shangazi yako ana macho ya polisi.

Jioni napata homa kidogo na chakula hakipiti, lakini nadhani ni uchovu. Daktari anataka nirudi kupigwa picha. Nimemwambia nitakuja nikipata nguvu. Wewe endelea na kazi, na wale vijana wako wakizembea wape mtaro wachimbe.

Baba yako


9 Machi

Baba, shikamoo.

Homa hiyo siipendi. Nakuomba usingoje kupata nguvu, nenda hospitali leo barua hii ikifika. Nimeomba ruhusa ya kuja nyumbani, msimamizi amesema mpaka tumalize ghorofa hii. Nijibu haraka, hata mistari miwili tu.

Mwanao


24 Machi

Baba, shikamoo tena.

Sijapata jibu, na ruhusa bado nanyimwa. Nimempigia shangazi. Amesema umelazwa na unaendelea, kisha akakata. Unaendelea na nini? Watu husema "anaendelea" hata pale ambapo hawataki kusema lolote. Jana nilifunga bomba la maji moto mahali pa lile la baridi, vijana ndio waliogundua. Andika, baba.

Mwanao


8 Aprili

Binti yangu,

Nisamehe kwa kimya. Usiogope mwandiko huu, mkono wangu una sindano ya maji. Niko wodi ya wanaume, kitanda cha dirishani, na jirani yangu anakoroma hadi mimi kiziwi namsikia.

Homa ilinilaza. Kibomba kilikuwa kimeziba kwa mabonge na uchafu umeozea mfukoni. Daktari amenirudia na mpira wake mara tatu, ananyofoa mabonge, anausuuza mfuko. Mara ya kwanza aliniuliza nameza dawa gani. Nikasema simezi kitu. Shangazi yako akapapasa chini ya mto wangu wa wodini, akatoa pakiti, akasema, "Mficha maradhi kifo humuumbua, na huyu anaficha hadi vidonge." Nilitamani ardhi ipasuke.

Nikamweleza daktari habari ya chuma. Hakunicheka. Alivuta kiti akasema kibomba kile ni cha madini yasiyojali asidi ya tumbo. Tena kwa mfuko kama wangu, uliojaa mabonge, asidi ndiyo kibarua. Inapita kwenye kibomba, inaingia mfukoni, inalainisha uchafu mpaka unatoka. Mimi nilimfukuza kibarua kisha nikashangaa kazi haiendi. Alisema vibomba huweza kuziba hata kwa wagonjwa watiifu, lakini mimi nilimwongezea kazi. Akanionya pia nisigeuke mganga wa mtaa, maana wapo wanaoambiwa waendelee kumeza, kila mgonjwa na amri yake. Akauliza nani alinishauri. Nikasema ni akili zangu mwenyewe.

Vidonge nimeacha. Kiungulia kinanichoma, lakini homa imeshuka. Limebaki moja. Mfuko ukishanywea, kibomba lazima kitolewe, kwani kikikaa sana kinaweza kusugua mshipa, na damu ya humo si ya mchezo. Kukitoa nako kuna hatari yake. Mimi sijapata kung'oa bomba linalofanya kazi. Waniambiaje, nikubali?

Baba yako


16 Aprili

Baba yangu, shikamoo.

Nashukuru Mungu homa imeshuka. Nimesoma barua yako nimekaa kwenye ngazi za jengo, nikalia mpaka wale vijana wakazima mashine wakaja kuniangalia.

Usiniulize habari ya kibomba. Sijui. Hata Februari nilikuwa sijui. Miaka yote niliyofanya kazi nawe ulikuwa ukiwaambia wateja, "Huyu binti yangu, ananishikia tochi," hata siku nilizofunga bomba lote peke yangu. Kisha ikaja barua inayoniita "fundi mwenzangu". Niliisoma mpaka karatasi ikalegea. Ningewezaje kukujibu kwamba sijui? Nikajitia ujuzi, na nusura nikuue. Na bado ukanificha kwa daktari. Mwambie ni mimi.

Kubali kitolewe. Sikushauri kama fundi, nakuomba kama mtoto asiye na baba mwingine. Na maswali yako yote mpelekee daktari, hata yale ya kijinga.

Mwanao


5 Mei

Binti yangu,

Habari za kazi na afya yako? Naandika nikiwa mezani jikoni kwetu. Kibomba kilitolewa Jumanne. Damu ilitoka kidogo, ikakoma yenyewe. Picha zinaonyesha mfuko umenywea. Nimekula chakula cha kutafuna, shangazi yako akinisimamia kama askari magereza.

Daktari nilimwambia ni wewe. Akasema siku nyingine mafundi wawili wakikaa kikao, naye aalikwe.

Lakini usijilaumu peke yako, nami nina langu. Daktari nilikuwa namwona kila nikienda kliniki. Ningemuuliza habari ya chuma, angenijibu palepale mlangoni. Badala yake nikalifunga swali kwenye bahasha, nikalituma mbali kote huko. Nilikuwa naogopa kufa, binti yangu. Nilitaka uje nyumbani, na sikujua mzazi huombaje kitu kama hicho. Kuuliza habari za chuma nilikuwa najua. Nilidhani ukisikia bomba la baba yako liko hatarini, utakuja mwenyewe na spana yako. Wewe ukanijibu swali nililouliza, na jibu lake karibu linizike.

Sasa nimepona na sina kisingizio. Hakuna kinachovuja hapa nyumbani. Njoo hivyo hivyo.

Baba yako