Jina Ambalo Sikulifuta

Mama Wairimu,

Nimekaa kwenye kiti chako hapa maktabani. Tangu tukuzike nilikikwepa, nikawa nakaa kwenye kile cha plastiki karibu na magazeti, lakini leo nimekuja moja kwa moja kwenye hiki. Nimefanya kosa. Nakuandikia wewe kwa sababu hapa Ruiru sina mwingine wa kumwambia.

Jana nilikuwa Thika, kwenye mkutano wa wakutubi. Ule ambao fomu yake uliijaza kwa mkono wako, ukaandika jina langu kabla ya kuniuliza, halafu ukaniita msichana kwa Kikuyu chenu, "Kairitu, utaongea. Hawaumi." Ulipotuacha nilitaka kujitoa. Mkubwa wetu akakataa, akasema kazi ni ya maktaba yetu na mimi ndiye nimebaki. Nikatayarisha picha za kuonyesha ukutani, jinsi tulivyotoka kwenye kadi za vitabu tukahamia kompyuta. Niliogopa ukumbi, niliogopa kipaza sauti, niliogopa watu waliosoma kuliko mimi. Mama, nilikuwa bado sijajua la kuogopa.

Nilitaka na wewe uwepo. Kwa hivyo nikapiga picha kadi moja ya zamani kwa ajili ya mwandiko wako, ile K yako yenye mkia mrefu. Nikachagua iliyokuwa na maandishi mazito, bila kusoma kilichoandikwa. Ungeniuliza hapo hapo kwa nini ina maandishi. Siku yangu ya kwanza ulinifundisha: jina la msomaji linaandikwa kwa penseli, na kitabu kikirudi linafutwa, unapuliza vumbi la raba, ndipo kitabu kinaenda rafuni. "Alichosoma mtu ni chake," ulisema. Kadi hii haikufutwa kwa sababu kitabu chake kilirudi wiki ya mazishi yako. Nilikipokea mimi. Nilikuwa nalia. Nikakirudisha rafuni vile kilivyokuwa.

Unamjua aliyekileta. Yule mzee anayeshona viatu kule mtaani Mwihoko. Jina lake siliandiki hata hapa. Mzee wa kanisa, anayeshika Biblia wazi mbele ya watu na kusema mistari aliyoikariri. Ni wewe na mimi tu tuliojua kwamba hajui kusoma, kwamba kila Jumanne alasiri ulimketisha nyuma ya rafu ya kilimo na kitabu cha watu wazima wanaoanza kusoma, kidole chake chenye gundi kikifuata herufi.

Picha hiyo ilipotokea ukutani, kubwa kama mlango wa duka, niligeuka kuangalia mwandiko wako. Nikaona jina. Majina yake yote matatu, na juu yake jina la kitabu, kile cha kufundishia watu wazima kusoma. Sijui lilikaa pale muda gani. Nilivuta waya wa projekta. "Dada, mashine imekufa?" mwenyekiti akauliza, nikasema ndiyo. Yaliyobaki niliyasema kwa mdomo, na sikumbuki hata neno moja.

Nilidhani hakuna aliyesoma. Wakati wa chakula mama mmoja, mkutubi kama sisi, akaja na sahani yake akinichekea vizuri.

"Ile kadi yako. Huyo si mzee wa kanisa letu kule Mwihoko? Kumbe anafundisha watu kusoma, na ananyamaza tu. Jumapili nitasema asome matangazo. Tumwite mwalimu."

Nilimwambia, "Tafadhali, mama, mambo ya wasomaji hatuyatoi nje."

"Hata mazuri?"

Kama ningemkatalia zaidi, angejua kuna kitu. Kama ningekubali, ningekuwa mimi mwenyewe nimempeleka mzee mbele ya watu. Nikajishughulisha na maharagwe yangu. Jioni nilirudi nyumbani Mugutha.

Asubuhi hii nilitoa ile kadi. Ndiyo ya mwisho uliyoandika wewe. Nikachukua raba, nikalifuta jina.

Leo ni Ijumaa. Nimefikiria kukaa kimya, labda yule mama atasahau. Nimefikiria pia kumwambia mzee kwamba ni wewe uliyeacha jina, maana wewe huwezi kulaumiwa tena. Nisamehe. Lilinipitia akilini, na sitaki kukuficha.

Kesho nitaenda kibandani kwake mapema, kabla wateja hawajaja, nimwambie ni mimi, na nimwambie ataombwa nini Jumapili. Anaweza kunifukuza. Anaweza asikanyage tena maktaba, na hilo linanitisha kuliko ukumbi wowote, kwa sababu tumeendelea, Mama. Kila Jumanne nakaa naye mimi. Jumanne hii alisoma ukurasa mzima bila kushikiwa, akafunga kitabu, akaangalia dirishani kama mtu aliyeitwa.

Nimejaribu kusikia ungeniambia nini. Sisikii kitu. Naona tu unavyonitazama juu ya miwani, unangoja nimalize.

Nakuombea dua kwa njia yetu, kama ulivyokuwa ukiniombea kwa njia yenu. Kaa kwa amani huko uliko. Naogopa, lakini nitakwenda. Akisimama mbele ya watu Jumapili, atakuwa ameshaambiwa, na atakuwa ameambiwa na mimi. Hilo nakuahidi.

Wako,
Halima